Barua ya wazi: Bomba lilipanda mlimani, majitaka yakaachwa yajitafutie njia

Kwa viongozi wenye dhamana ya maji, afya na mazingira, wilayani na mkoani kwetu.

YAH: MAJITAKA YA MJI WETU MDOGO ULIO KWENYE MWINUKO WA KARIBU MITA 2,400, NYANDA ZA JUU KUSINI

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya ofisini nimeimaliza. Barua ya kwanza niliileta kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliambatanisha na muhtasari wa mkutano wa kijiji na saini za wakazi. Ya tatu nilipoifuatilia niliambiwa faili liko kwa mtaalamu. Mtaalamu alifika kweli, mara moja, saa sita mchana jua likiwaka, akalitazama bwawa akiwa amesimama barabarani, akageuza gari kuiwahi mvua. Tangu siku hiyo ni kimya. Sitaji jina la mtu wala la ofisi, kwa kuwa sitafuti wa kuaibisha. Nataka kazi ifanyike.

Kwa msionifahamu, nimefundisha fizikia sekondari kwa miaka 26, na kwa miaka kadhaa nimekuwa katibu wa kamati ya maji hapa kijijini. Nilikuwepo tulipochimba mtaro wa bomba kwa msaragambo, kila kaya na hatua zake, akina mama wengine wakiwa na watoto mgongoni. Siku maji yalipotoka kwenye bomba la kwanza, bibi mmoja alinawa uso mara tatu mfululizo huku akicheka. Sijaisahau siku hiyo, na sitaki mtu asome barua hii akadhani tunalalamikia maji. Tunashukuru kwa maji. Tunalalamikia yaliyofuata baada ya maji.

Wahandisi wana hesabu yao ya kawaida: katika kila lita 100 zinazoingia ndani ya nyumba, kama lita 80 hutoka zikiwa majitaka. Tulipokuwa tukibeba ndoo kichwani hesabu hiyo haikutuhusu sana. Maji ya kuoshea vyombo yalimwagwa kwenye kabichi na mambo yakaisha. Leo hosteli ya wanafunzi ina vyoo vya maji, kituo cha afya kina vyoo vya maji, na nyumba za wageni zinaongezeka kwa ajili ya wanunuzi wa viazi na wageni wanaokuja kuona maua ya hifadhi ya Kitulo. Majisafi yalipangiwa chanzo, tangi, bomba na hata bei ya ndoo. Majitaka yalipangiwa bwawa moja, na bwawa lenyewe halifanyi kazi. Yafuatayo ndiyo malalamiko yetu.

1. Bwawa lilichorwa kwa ajili ya joto tusilo nalo.

Naomba mnivumilie hapa, maana hiki ndicho kiini cha barua yote.

Bwawa la majitaka halina mashine. Wanaofanya kazi ni bakteria na mwani: bakteria wanakula uchafu, mwani unawapa oksijeni kwa nguvu ya jua. Kasi ya viumbe hao inategemea joto. Kwa makadirio ya jumla, joto likishuka nyuzi 10 kazi yao hupungua kwa karibu nusu. Kwa sababu hiyo kanuni ya kusanifu mabwawa haya humtaka mhandisi aanze na wastani wa joto la mwezi wenye baridi kuliko yote. Kwenye nyuzi joto 25, hekta moja ya bwawa inaweza kupewa mzigo wa uchafu wa kilo 350 kwa siku, ukipimwa kwa oksijeni ambayo uchafu huo unahitaji ili uoze. Kwenye nyuzi 20 ni kama kilo 250. Kwenye nyuzi 10 ni kilo 100 tu. Kwa maneno mengine, bwawa linalotosha mji wa joto linahitaji eneo la zaidi ya mara tatu ili lifanye kazi ileile kwenye baridi kama yetu ya Juni na Julai.

Sisi hatukupewa eneo la mara tatu. Tulipewa mchoro unaofanana na mabwawa ya mabondeni, ukashushwa kwenye kiwanja kilichopatikana. Nimekwenda pale alfajiri mwezi Julai na kipimajoto cha maabara ya shule, sakitu ikiwa nyeupe kwenye majani, nikakuta maji yana nyuzi 9. Kwa joto hilo uchafu unalala tu chini. Likianza jua la Septemba, tope lililokusanyika msimu mzima linafumka kwa pamoja, na harufu yake inafika darasani. Mtaalamu aliyekuja saa sita mchana hakuweza kuyaona haya, na simlaumu kwa kutoyaona. Namlaumu aliyechora bila kuuliza.

Kila mwaka nilikuwa nachemsha maji mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili. Kitabu kinasema nyuzi 100. Kipimajoto chetu kinagota kwenye 92. Watoto walishangaa, nami nikawaeleza kwamba kanieneo ya angahewa huku juu ni robo tatu ya ile ya pwani. Kama mtoto wa miaka 15 anaelewa kwamba mlima unabadilisha tabia ya maji, mhandisi anayelipwa kwa kazi hiyo hana sababu ya kusahau.

2. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kuwa ndiyo mpango.

Tulipouliza juu ya karo, yaani mashimo ya majitaka, zilizojaa, tuliambiwa tuite gari. Gari lipo mjini, bondeni, mwendo wa saa nyingi. Mvua zikianza Novemba barabara yetu ni utelezi, na magari yenye mzigo hukwama pale kwenye kona hadi yavutwe na trekta. Likifika, gharama ya safari inazidi uwezo wa kaya inayoishi kwa viazi. Lakini kuna jambo jingine ambalo nimelishuhudia na nadhani ofisini halijulikani. Pampu ya kunyonya haivuti kwa nguvu zake peke yake; hewa ndiyo inayoyasukuma maji kupanda kwenye mpira. Pwani, hewa inaweza kuinua maji hadi kimo cha kama mita 10.3 kwa hesabu ya darasani. Huku kwetu ni kama mita 7.7, na kwa tope kinyesi, ambalo ni zito kuliko maji, ni chini ya hapo. Gari lilelile lililosafisha mashimo marefu ya bondeni lilikuja kwenye shimo la hosteli yetu likakoroma nusu saa, likanyonya maji ya juu, likaacha tope palepale. Tulilipa bei kamili.

Tena kwenye baridi tope halimeng'enywi haraka, kwa hiyo karo zetu zinajaa mapema kuliko za mji wa joto zenye ukubwa uleule. Tunahitaji kunyonyewa mara nyingi zaidi, kwa gari linaloweza kidogo zaidi, kwenye barabara mbaya zaidi.

3. Kwa hiyo watu wanatapisha vyoo.

Nalisema hili kwa masikitiko, maana ni majirani zangu na ni ndugu zangu. Mvua kubwa ikianza usiku, mtu anatoboa ukuta wa shimo upande wa mteremko, na asubuhi tope limeshuka. Anajua si vizuri. Hana njia nyingine.

Kwenye mteremko huo kuna nguruwe. Mnafahamu kwamba Nyanda za Juu Kusini ni miongoni mwa maeneo ya nchi yetu yanayosumbuliwa na tegu wa nguruwe. Mtu mwenye tegu hutoa mayai kwa kinyesi. Nguruwe akiyala anapata malengelenge ya minyoo kwenye nyama. Mtu akiyameza mayai hayo, kwa maji, kwa mboga au kwa mikono, minyoo michanga inaweza kujichimbia kwenye ubongo wake, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya kifafa katika maeneo kama yetu. Nimefundisha watoto walioanguka kifafa darasani. Nimesikia familia zao zikishutumiwa uchawi. Siwezi kusema ni nini kilichomuangusha mtoto mmoja mmoja, mimi si daktari. Lakini njia ya ugonjwa inajulikana, na sehemu ya njia hiyo inapita kwenye tope tunaloliona kila masika.

4. Bomba la hosteli na la kituo cha afya yanaishia kijitoni.

Chemba ya mwisho ilifurika mwaka wa kwanza. Badala ya kurekebishwa, likaongezwa bomba hadi kwenye kijito. Chini yake kuna vinyungu, yaani bustani za bondeni, na kina mama wanamwagilia mchicha, figili na kabichi zinazouzwa hadi mjini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto. Kibanda cha mkulima kikikutwa ndani ya mita hizo kinabomolewa, na ni haki. Naomba mtupimie mita kutoka kwenye mdomo wa bomba hilo hadi majini.

Wala maji hayo hayaishii kwetu. Kijito chetu kinashuka kwenda Usangu, kwenye mashamba ya mpunga, kisha yanakuwa Ruaha Mkuu, yanapita hifadhini, yanafika Mtera na Kidatu na mwisho Rufiji. Sisi ni wachache na maji ni mengi, najua. Lakini sisi ndio wa kwanza kuyagusa, na kila mji mdogo wa milimani ukifanya kama sisi, mto unaanza maisha yake ukiwa mchafu.

5. Elimu ya choo tunayopewa ni ya nchi ya joto.

Mradi mmoja ulihamasisha vyoo vikavu vinavyotenga mkojo, jambo jema sana kwa kaya zilizotawanyika. Kipeperushi kikasema kinyesi kikihifadhiwa mwaka mmoja ni mbolea salama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unaruhusu mwaka mmoja pale ambapo joto linazidi nyuzi 20. Kwa joto la kati ya nyuzi 2 na 20, ambalo ndilo letu, unataka mwaka mmoja na nusu hadi miwili, kwa sababu mayai ya minyoo hudumu zaidi kwenye baridi. Tofauti hiyo inaingia kwenye mashamba ya viazi, kwenye kucha za anayelima.

6. Hakuna anayepima, au anayepima hatuambii.

Viwango vya nchi yetu vinataka majitaka yaliyosafishwa yasizidi miligramu 30 za oksijeni inayohitajiwa na uchafu kwa kila lita kabla ya kumwagwa. Hatujawahi kuona karatasi hata moja yenye kipimo cha bwawa letu.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu nimeshayasikia.

Kwamba bajeti ni finyu. Ni kweli, lakini fedha zilitumika. Bwawa lilichimbwa, likawekwa uzio, likazinduliwa kwa utepe. Bwawa lisilofanya kazi lina gharama kuliko lililosanifiwa sawasawa. Kwamba sisi ni wachache na miradi ya majitaka ni ya miji mikubwa. Sheria ya mwaka 2019 inaitwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, na sijaona kifungu kinachosema nusu ya pili ya jina hilo haipandi mlima. Kwamba mto unajisafisha wenyewe. Unajisafisha kwa bakteria walewale wanaozubaa kwa baridi, na kwetu hadi kwenye vinyungu ni mwendo wa dakika chache tu.

Na kwamba teknolojia ya baridi ni ya Ulaya, ina mashine na umeme. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa si kweli. Mashine za kupuliza hewa ndizo zisizotufaa: hewa yetu nyepesi inabeba oksijeni pungufu kwa robo, kwa hiyo zingehitaji kupuliza theluthi moja zaidi, na umeme ukikatika siku tatu kazi imeharibika. Tunachohitaji kimeshafanyika sehemu nyingine. Lesotho, nchi ambayo hakuna mahali pake palipo chini ya mita 1,000 na ambako theluji huanguka, imejenga mitambo midogo ya gesi ya kinyesi iliyofukiwa ardhini kwenye makazi ya watu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti wa miaka mingi juu ya vitanda vya changarawe vilivyopandwa matete vya kusafishia majitaka, na vimejengwa kwenye taasisi za humu nchini, Iringa ikiwemo. Leh, kule Ladakh nchini India, kwenye mita 3,500, watu wametumia vyoo vikavu kwa karne nyingi wakirudisha mbolea shambani. Taabu ilianza hoteli za watalii zilipoleta vyoo vya maji bila mahali pa kuyapeleka. Na El Alto ya Bolivia, mita 4,000 juu, inaonyesha mwisho wa njia tuliyoanza: mabwawa yake yamezidiwa na mji, na uchafu unashuka kwa mto Katari hadi ghuba ya Cohana katika Ziwa Titicaca, ambako wavuvi na wafugaji ndio wanaoupokea.

Tena mlima hautunyimi kila kitu. Udongo wa mita mbili chini haujui sakitu; tangi lililofukiwa hubaki na joto lililo karibu na wastani wa mwaka mzima. Mteremko unatupa mwendo wa maji bila pampu wala luku. Na jua la huku, hewa ikiwa nyepesi, lina mionzi mikali ya kuua vimelea kuliko la pwani, zaidi kwa kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Mchoro ulioanza na mlima ungeyatumia yote matatu.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo.

Kwanza, na hili halisubiri bajeti ya mwakani: bomba linalomwaga kijitoni lizibwe, chemba ya hosteli na ya kituo cha afya zisafishwe hadi chini, na pachimbwe mtaro wa muda wa kufukia tope mbali na maji, penye uzio. Nguvu kazi tutatoa. Tulichimba kilomita za mtaro wa majisafi, hatutashindwa huu.

Pili, usanifu urudiwe kwa joto la mwezi wetu wa baridi, lililopimwa hapa, si la kituo cha mjini. Tunapendekeza tangi la kutuamisha tope, likifuatiwa na matangi yaliyogawanywa vyumba na kufukiwa, kisha vitanda vya matete, na bwawa lililopo libaki la mwisho, liwe pana na la kina kifupi ili jua limalizie kazi. Kama wataalamu wana wazo bora kuliko hili, tutafurahi. Waje waeleze kwenye mkutano, hesabu zikiwa mezani.

Tatu, kaya zilizo mbali zisilazimishwe vyoo vya maji. Zisaidiwe vyoo vikavu vyenye mashimo mawili, moja likijazwa wakati jingine limefungwa kwa miaka miwili kamili, na vipeperushi vichapwe upya.

Nne, aajiriwe fundi mmoja wa kudumu, kijana wa hapa, afundishwe, alipwe kutokana na ankara za maji. Mitambo mingi haikufa kwa ubovu wake. Ilikufa kwa kukosa mtu wa kuondoa takataka kwenye chujio asubuhi.

Tano, vipimo vya maji yanayotoka bwawani vibandikwe kila mwezi kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, hata vikiwa vibaya.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 60, na mkutano wa hadhara kabla ya mvua za Novemba. Kampeni ya taifa ya usafi, Nyumba ni Choo, ilipofika hapa tuliitika, tukajenga. Sasa vyoo vipo na vimejaa.

Ombi la mwisho ni dogo. Mtaalamu atakayetumwa safari hii alale hapa. Nyumba yangu ina chumba cha wageni na blanketi za kutosha. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nitamgongea mlango, tutatembea hadi bwawani na kipimajoto, na nitamwomba akitumbukize yeye mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Katibu wa kamati ya maji ya kijiji,
kwa niaba ya wakazi waliosaini muhtasari ulioambatanishwa

Nakala:
Ubao wa matangazo, ofisi ya kijiji
Bodi ya shule na kamati ya kituo cha afya
Wananchi wote wa bondeni wanaotumia maji ya kijito chetu